Sheria inaturuhusu kukataa kuonewa?
Ndugu wa Kondele unauliza kama kuna sheria inaturuhusu kupinga serikali ikituonea. Iko, lakini si vile unadhani. Wajerumani ndio wameandika haki hiyo waziwazi kwa katiba yao, kifungu cha 20(4), wakaongeza 1968, na hata hiyo ni ya siku mtu anataka kuangusha katiba yenyewe na njia zingine zote zimeisha, si ati unga umepanda bei. Wafaransa waliandika haki ya kupinga kuonewa 1789. Sisi Wakenya kwa katiba yetu tuko na kifungu cha 37, kuandamana kwa amani bila silaha, alafu cha 3 kinasema kila mtu ana wajibu wa kuitetea katiba (hiki watu hukiruka sana na ndicho kitamu). Ile barua ya maandamano unapelekea OCS (mkuu wa kituo cha polisi) angalau siku tatu kabla ni ya kumjulisha tu, huombi ruhusa, ila anaweza kukukatalia kama kuna wengine walitangulia kuandikisha siku na mahali hapo hapo. Nakala yako ipigwe stampu. Na mawe wacheni nyumbani, ukiokota moja tu hiyo 37 haikuhusu tena.