Maswali ya wasomaji: seli shina, kifua na utumbo

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu seli shina, yaani seli zinazojigawa, nyingine zikabaki akiba na nyingine zikawa seli za kazi maalumu. Tumejibu nne, na tumekaa zaidi kwenye zile ambazo uamuzi wake hauwezi kungoja.

Baba yangu ana miaka 61 na aliugua TB mara mbili. Alipona, lakini akipanda mwinuko mdogo tu anahema. Kliniki moja inasema itatoa mafuta tumboni mwake, iyachuje ipate seli shina, kisha imdunge mshipani ili mapafu yaote upya. Wanataka shilingi laki sita. Familia inafikiria kuuza shamba. — Msomaji, Bahati, Nakuru

Msiuze shamba. Mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya hazijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa magonjwa ya mapafu, na sababu ni za kitabibu.

Mapafu yana mafundi wake. Ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa, ukarabati hufanywa na seli za aina ya pili. Zinapojigawa, baadhi hugeuka kuwa seli za aina ya kwanza, zile bapa zinazofunika takriban asilimia 95 ya eneo la kupumulia. Lakini TB ikishakula nyama ya pafu na kuacha mashimo na makovu, hata kiunzi ambacho seli hizo hujishikiza huwa kimekwisha. Seli za mafuta nazo hazigeuki vifuko vya hewa. Zikidungwa mshipani, nyingi hukwama katika mishipa myembamba ya mapafu kwa kuwa ni kubwa kuliko njia yenyewe, na baada ya siku chache huwa zimekufa.

Jambo hili lilijaribiwa kwa makini huko Marekani, kwa wagonjwa 62 wenye mapafu yaliyoziba kwa muda mrefu. Waliopewa seli za uboho walidungwa milioni 100 kila mwezi kwa miezi minne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba hawakudhurika, lakini hawakupumua vizuri kuliko waliodungwa sindano isiyo na seli. Hizo zilikuwa seli zilizokaguliwa. Mchanganyiko wa mafuta uliochujwa kliniki unaweza kuwa na mabonge ya kuziba mishipa, au bakteria, na mzee mwenye pumzi kidogo hana akiba ya kuhimili ajali kama hiyo.

Wakisema ni utafiti, waombeni barua ya kamati ya maadili na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, na fomu ya ridhaa mwende nayo nyumbani mkaisome. Anayeshiriki majaribio halali ya dawa hatozwi ada ya dawa hiyo. Anayewatoza laki sita anawauzia.

Pesa kidogo zaidi itafanya kazi kubwa zaidi hapo Nakuru. Kwanza makohozi yapimwe. Kwa mtu aliyewahi kuugua TB, kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta chembe za urithi za vijidudu vya TB, kinaweza kuonyesha mabaki ya vijidudu vilivyokufa, kwa hiyo kikitoka chanya ombeni makohozi yaoteshwe pia, yaani vijidudu vilivyo hai vikuzwe maabara. Pili, kipimo cha spirometri, kinachopima pumzi: anapuliza, anavuta salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) mara nne, anangoja dakika 15, anapuliza tena. Uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza na hewa yote ukibaki chini ya 0.7, njia za hewa zimebanwa na inhela huenda ikamsaidia.

Inhela isiyopitishiwa kwenye chupa hupoteza dawa nyingi kooni. Chukueni chupa ya plastiki ya mililita 500, toboeni kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, mzibe pembeni kwa utepe hewa isivuje. Kabla ya kuitumia, ioshwe kwa maji na sabuni ya vyombo na iachwe ikauke bila kusuuzwa wala kufutwa, la sivyo dawa itanata kwenye plastiki. Abonyeze mara moja, avute pumzi tano au sita kupitia shingo ya chupa, ndipo abonyeze tena. Mazoezi ya kutembea chini ya mtaalamu wa viungo, angalau mara mbili kwa wiki kwa wiki sita hadi nane, huongeza umbali anaofika hata kovu likibaki palepale. Na moshi wa kuni uondoke karibu naye.

Nafanya kazi maabara. Tunakuza oganoidi, yaani vinofu vidogo vya seli vinavyoiga kiungo, kutokana na seli shina za vipande vya utumbo mwembamba wa wagonjwa. Mara seli zinakufa siku ya pili, mara kisahani chote kinakuwa na ukungu. Tunakosea wapi? — Kisumu

Hivyo ni vifo viwili vya sababu tofauti. Ukungu huo, yaani lishe (maji ya kukuzia seli) kuchafuka, mara nyingi ni bakteria waliotoka utumboni pamoja na kipande. Kisuuze mara tano au zaidi kwa maji baridi ya chumvi yenye antibiotiki, mpaka maji yabaki maangavu, na dawa ya kuua kuvu iwemo kwenye lishe ya siku za mwanzo. Kisahani kikishachafuka kitupeni. Kukiokoa ni kuambukiza inkubeta nzima.

Kufa bila ukungu kuna sababu kadhaa. Kipande kikae kwenye barafu tangu chumba cha endoskopi na kifanyiwe kazi siku hiyohiyo. Kemikali ya EDTA ya milimola 2 kwa dakika 30 katika baridi hulegeza vishimo vya utumbo, ambamo seli shina hukaa. Ukizidisha muda, vishimo husambaratika kuwa seli mojamoja, na seli ya utumbo ikikosa wenzake hujiua. Ndiyo maana Y-27632, dawa ya kuzuia seli zisijiue, ya mikromola 10 huwekwa siku mbili za kwanza. Matrigel, jeli ambamo seli hukuzwa, nayo iyeyuke usiku kucha kwenye jokofu, na ncha za pipeti ziwe zimepozwa, kwa sababu ikipata joto huganda mkononi mwako kabla haijafika kisahani. Tone la mikrolita 50 liwekwe kwenye kisahani kilichopashwa moto, lingoje dakika 10 hadi 15 kwa nyuzi 37, ndipo umwage lishe, mikrolita 500.

Lakini tungeanza kwa kukagua lishe. Watafiti Toshiro Sato na Hans Clevers walipofaulu kukuza oganoidi za utumbo mwaka 2009 kule Utrecht, Uholanzi, walitumia utumbo wa panya, na protini za EGF, Noggin na R-spondin zilitosha. Seli za binadamu hazitosheki na hizo. Zinahitaji pia protini ya Wnt3a, nikotinamidi (aina ya vitamini B3), na vizuizi vya TGF-beta na p38, ishara za ndani ya seli. Maabara inayofuata fomula ya panya itaona vishimo vikijifunga vizuri, kisha vinanyauka. R-spondin igawanywe katika vichupa vidogo tangu mwanzo, maana kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huidhoofisha. Kwa kuwa umeme hukatika, gandisheni akiba mapema katika DMSO asilimia 10, kemikali inayolinda seli zisiharibiwe na barafu, na kuihamishia kwenye nitrojeni ya kimiminika. Kazi hii ina thamani kwetu: kwenye oganoidi za watu watafiti wamekuza norovirusi na kriptosporidi, vijidudu vinavyoharisha watoto wa Nyanza kila mwaka.

Nina ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, na tundu linalotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa. Nasikia Ulaya kuna sindano ya seli shina ya tundu hilo. — Kakamega

Ilikuwepo, iliitwa Alofisel: seli milioni 120 za mafuta ya mtu mwingine aliyejitolea, zinadungwa kuzunguka tundu. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018 baada ya jaribio ambalo asilimia 50 walipata nafuu kamili, dhidi ya 34 wasiopewa. Jaribio la pili, lililotoa matokeo mwaka 2023, halikuonyesha tofauti ya maana, na mwisho wa 2024 dawa ikaondolewa sokoni. Usisafiri kuitafuta.

Wewe dada au kaka, muulize daktari wako kama TB ya utumbo imeondolewa kabisa kwenye orodha. Inafanana sana na Crohn, na kuanza steroidi au infliximab, dawa zinazoshusha kinga, kwa mwenye TB kunaweza kuisambaza mwili mzima. Vipande vya utumbo vipimwe GeneXpert na kuoteshwa, na picha ya kifua ipigwe. Tundu lenyewe daktari wa upasuaji anaweza kulipitisha uzi maalumu unaoacha usaha utoke, likatulia wakati dawa zinafanya kazi.

Kuna unga wa "seli shina za tufaha" unaouzwa kwenye vikundi vya akina mama. Unatibu vidonda vya tumbo? — Bungoma

Hapana. Seli ya mmea iliyokaushwa imekufa, na humeng'enywa kama chakula kingine. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama ibuprofen na diklofenaki. Mama, pima kinyesi kutafuta kijidudu hicho. Dawa za kupunguza asidi ziachwe wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne, kwa sababu hukificha. Kikipatikana, maliza dozi yote kisha upime tena baada ya angalau wiki nne. Ukitapika damu au ukienda haja nyeusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.