Majina mmeyaondoa, lakini ugonjwa wenyewe ni jina

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa mtoto mwenye ugonjwa adimu wa umetaboli, yaani wa jinsi mwili unavyotumia chakula, ule wa kurithi. Pamoja na wazazi wengine wawili tumejenga tovuti ya kusaidia familia zilizopatwa kama sisi, kazi yote ya kujitolea. Familia 43 zimejaza fomu yetu: mwaka aliozaliwa mtoto, jinsia, wilaya, hitilafu ya jeni iliyoonekana kwenye kipimo, dalili na dawa anazotumia. Tunataka kuweka jedwali na ramani wazi kwa kila mtu, ili familia mpya zijue haziko peke yao na watafiti watuone. Majina tumeyaondoa, na kila mtoto tumempa namba ya siri. Kijana anayetusaidia anasema tovuti ina alama ya kufuli, hivyo tuko salama. Kuna pia kampuni imeahidi kutuuzia cheti cha faragha cha kubandika ukurasa wa mbele. Jedwali tayari liko kwenye anwani ya majaribio ambayo hatujaitangaza popote. Je, kuna jambo la kiufundi tumelisahau kabla ya kulifungua?

JIBU

Mama, msilifungue. Na hilo lililoko kwenye anwani ya majaribio liondoeni leo. Namna ya kuliondoa nitaieleza nikimaliza kueleza sababu.

Swali lako hunifikia mara nyingi, kutoka kwa watu wema wanaofanya kazi hii usiku baada ya kumlaza mtoto mgonjwa, na kila mara lina sentensi ileile: "majina tumeyaondoa." Hapo ndipo nitakapokaa, kwa sababu mengine yote mnaweza kuyarekebisha, lakini hili likishatoka halirudi.

Kwa ugonjwa wa kawaida kuondoa jina kunasaidia kiasi. Mtoto mwenye pumu, msichana, aliyezaliwa mwaka fulani katika wilaya fulani, anaweza kuwa mmoja kati ya mamia. Kwa ugonjwa adimu fanyeni hesabu wenyewe. Ulaya huita adimu ugonjwa usiowapata zaidi ya watu 5 kati ya 10,000, na magonjwa mengi ya umetaboli yako mbali sana chini ya hapo. Tuseme wenu humpata mtu 1 kati ya 500,000. Kwenye nchi ya watu milioni 10 hao ni kama 20. Wagawe kwa jinsia, wanabaki kama 10. Wagawe kwa mwaka wa kuzaliwa, kisha kwa wilaya. Kila mstari wa jedwali lenu ni mtoto mmoja, na anayemfahamu hahitaji kusoma jina.

Latanya Sweeney, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutofautishwa mmoja mmoja kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5. Kabla ya hapo alikuwa amelinganisha kumbukumbu za hospitali zisizo na majina na daftari la wapiga kura, akaitambua rekodi ya gavana wa jimbo la Massachusetts. Hesabu yake ilihusu watu wote, wazima na wagonjwa. Nyinyi mmeongeza ugonjwa wenye watu wachache mno, halafu mkaongeza na hitilafu ya jeni.

Watu husema, "Nani atahangaika kumtafuta mtoto wangu?" Fikra zao ziko kwa mdukuzi wa mbali. Anayenitia hofu mimi ni jirani, mwalimu, mwajiri, mkwe mtarajiwa. Hawa wanajua tayari kwamba mtoto wenu anaumwa, wanajua umri wake na mnapoishi. Jedwali linawapa wasiyoyajua: dawa gani, dalili zipi, akili yake inakuaje, jeni ipi. Na jeni haikai kwa mtoto peke yake. Ugonjwa ukiwa wa kurithiwa pande zote mbili, mstari mmoja unatangaza kwamba, karibu kila mara, baba na mama wote wawili ni wabebaji, yaani wana hitilafu hiyo bila kuugua. Ndugu yake mzima naye ana nafasi 2 kati ya 3 za kuwa mbebaji. Huyo ndugu hajajaza fomu yoyote. Atakua, atachumbia au atachumbiwa, na habari hiyo itakuwa imeshamtangulia. Mabinti wa nyumba hizo hakuna aliyewauliza.

Na kuna mahali pa kuoanishia ambapo wengi hawapakumbuki: kurasa za michango ya matibabu. Familia zenyewe huandika jina la mtoto, picha, umri, ugonjwa na mji, kwa sababu zinahitaji fedha, na sizilaumu. Niliwahi kuombwa kukagua jedwali kama lenu. Nikaliweka upande mmoja, kurasa za michango upande wa pili, na kabla saa haijaisha nilikuwa na majina kwenye mistari kadhaa. Niliacha hapo, kwa kuwa nilichotaka kuthibitisha kilikuwa kimethibitika.

Namba ya siri nayo inategemea ilivyotengenezwa. Kama kompyuta iliikokotoa kutoka kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa, mwingine anaweza kuikokotoa pia kwa kujaribu majina anayoyashuku. Mwaka 2014 zilitolewa kumbukumbu za safari za teksi za New York, zaidi ya milioni 170, namba za magari zikiwa zimefichwa kwa kanuni ya namna hiyo. Mtaalamu mmoja wa programu alizifichua zote kwa saa chache. Hata namba ya kubahatisha kabisa haiwasaidii hapa, maana kinachomtambulisha mtoto ni safu nyingine zote zilizobaki.

Alama ya kufuli inalinda data ikiwa njiani kati ya kivinjari na seva. Ukurasa ukishakuwa wazi, kufuli linamfikishia kila msomaji nakala salama ya siri za watoto wenu.

Cheti cha kubandika, msinunue. Hili linanikera kuliko ninavyoweza kuandika. Kuna watu wanaotafuta tovuti za wazazi waliochoka, wanawauzia picha ya ngao ya kijani, na hawajawahi kufungua hata faili moja la tovuti hiyo. Hata nembo zilizokuwa na maana hufikia mwisho: ile ya HONcode, iliyotolewa na taasisi ya Geneva kwa tovuti za afya, ilisitishwa mwisho wa mwaka 2022 taasisi yenyewe ilipofunga shughuli, na tovuti zilizobaki nayo zinawaonyesha wasomaji uthibitisho usio na mwenyewe. Muuza ngao muulizeni swali moja: ni familia ngapi zinafanana na kila mstari wa jedwali letu? Asipojua hata maana ya swali, mmalizane hapo. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, yenye data za mamilioni ya watu, hairuhusu kuchapishwa kundi lenye watu 1 hadi 10. Karibu kila kundi kwenye jedwali lenu lina mtu 1.

Anayelitaka zaidi jedwali la namna hii ni muuzaji wa tiba zisizothibitishwa. Orodha yenye ugonjwa, dawa zilizoshindwa na wilaya ni ramani ya watu waliokata tamaa. Muuza "seli shina" za kuponya kila kitu, muuza matone, muuza lishe ya "kurekebisha jeni", wote hupenda kumfikia mzazi wakijua tayari mtoto wake ameshatumia dawa ipi na haikumfaa. Ujumbe unaoanza na maelezo sahihi ya mtoto wako unaaminika. Wazazi huuza vitu vya ndani kwa ujumbe kama huo. Na si majedwali tu. Tazameni vihesabu-wageni na vitufe vya mitandao ya kijamii ambavyo kijana wenu ameviweka: kwenye tovuti inayohusu ugonjwa mmoja, kufungua ukurasa tu ni taarifa ya afya, na vitu hivyo huipeleka kwa wauza matangazo. Mwaka 2023 GoodRx, kampuni ya punguzo za bei za dawa, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 Marekani kwa shauri la kuwapa watangazaji taarifa za afya za watumiaji wake. Hiyo ni kampuni yenye wanasheria. Tovuti za kujitolea zenye mirija ileile ni nyingi, na waliozijenga hawajui kama ipo. Wala kikundi kilichofungwa cha Facebook msikifanye ghala la siri. Mwaka 2018 wanachama wa vikundi vya wagonjwa waligundua kwamba mtu wa nje aliweza kupakua orodha ya wanachama wa kikundi kilichofungwa. Tundu hilo lilizibwa baada ya kelele.

Najua hoja mtakayonijibu nayo, na ni ya kweli: familia hupatana kwa sababu mtu alithubutu kusema. Mwaka 2012 Matthew Might, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika waziwazi habari za mwanawe, wakati huo mgonjwa wa kwanza kujulikana wa upungufu wa NGLY1, ugonjwa adimu wa kurithi unaoitwa kwa jina la jeni yake, na familia nyingine zikajitokeza. Lakini tazameni alichoweka wazi. Alieleza dalili kwa maneno ambayo mzazi yeyote angeyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, mojawapo ikiwa mtoto anayelia bila machozi, na akaitaja jeni. Alisema habari za nyumba yake, akijua anachokitoa. Hakuchapisha mistari ya watoto wa nyumba nyingine 42.

Hicho ndicho tovuti yenu ikifanye. Andikeni ukurasa wa dalili kwa lugha ya wazazi, na juu yake jina la ugonjwa kwa tahajia zote, jeni, na namba yake ya Orphanet, hifadhidata ya magonjwa adimu iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1997. Watafiti hutafuta kwa namba hiyo. Andikeni "familia zaidi ya 40 zimewasiliana nasi", basi. Ramani iacheni. Kusogeza kitone kilomita chache hakumfichi mtoto pekee wa wilaya nzima.

Kuunganisha familia kufanywe na mtu. Mzazi mpya anaandika, mmoja wenu anaangalia nani anafanana naye, anamuuliza huyo wa zamani kwanza, na wakikubali wote wawili ndipo anawatambulisha. Kwa familia 43 ni kazi ya saa chache kwa mwezi, na hakuna programu itakayoifanya vizuri zaidi. Mawasiliano na habari za ugonjwa vikae mahali pawili tofauti, kila mwenye ufunguo awe na nenosiri lake na uthibitisho wa hatua mbili, na nenosiri moja la kushirikiana watatu likome. Hitilafu ya jeni na dawa acheni kabisa kuziuliza kwenye fomu yenu. Mtafiti akizitaka, azikusanye mwenyewe kupitia taasisi yenye kamati ya maadili, na kila familia isaini ridhaa kwa ajili ya utafiti huo. Ridhaa waliyowapa nyinyi ilikuwa ya kusaidiana.

Sasa anwani ya majaribio. Kutoitangaza hakuifichi: roboti za kutafuta huzifikia anwani kama hizo kupitia orodha za vyeti vya ile ile alama ya kufuli, ambazo ziko wazi kwa umma, au kupitia kiungo ambacho mmoja wenu alimtumia rafiki. Futeni faili lenyewe kwenye seva, si kiungo tu. Kisha tafuteni sentensi moja ya jedwali, ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwenye injini za kutafuta, na mkiiona ombeni iondolewe. Angalieni Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, kama imeshapiga nakala. Wana utaratibu wa kupokea maombi ya kuondoa. Mwambieni mwenye seva awape kumbukumbu za walioufungua ukurasa tangu siku ulipowekwa, kabla hazijafutika zenyewe.

Mkishaziona hizo kumbukumbu, ziandikieni familia zote 43. Waambieni jedwali lilikaa wapi, siku ngapi, na lilifunguliwa na nani kwa kadiri mnavyojua, na kila moja iulizwe kama inataka taarifa zake zifutwe. Baadhi watakasirika. Wajibuni mmoja mmoja, kwa simu inapowezekana.