Salfa, udongo wa mikorosho na makosa mawili ya vipimo

Mwenzetu wa Newala ameuliza: maabara imemwandikia kwamba udongo wa shamba lake "hauna tofauti ya maana kitakwimu" na udongo usiopulizwa salfa, yaani unga tunaopuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga, je, aamini kwamba salfa haijaudhuru? Kwa maoni yangu bado, na nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuteleza papo hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kupima pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya udongo Tandahimba, tukilinganisha sampuli tano za shamba la mikorosho lililopulizwa kwa muda mrefu na tano za pori la jirani. Salfa ikianguka chini, bakteria huigeuza kuwa asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuihimili. Jaribio halikuonyesha tofauti, nasi tukawaambia wakulima wasiwe na wasiwasi. Baadaye ndipo nilipopiga hesabu iliyopaswa kutangulia: kwa sampuli tano kwa tano na kiwango cha asilimia 5 (yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano katika mia pale ambapo tofauti haipo), hata tofauti ya kweli iliyo sawa na mchepuko sanifu mmoja wa vipimo, yaani kadiri ya kawaida ambayo vipimo hutawanyika kutoka wastani wake, ingetuponyoka takriban mara saba katika kumi. Ili kuinasa mara nane katika kumi, zingehitajika sampuli 17 kila upande.

Asilimia 5 hiyo, ambayo Ronald Fisher wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliwazoesha watafiti tangu 1925, hutukinga na kosa la aina ya kwanza tu, yaani kutangaza madhara yasiyokuwepo. Kosa hilo si dogo huku kwetu, kwani mkulima akiacha salfa kwa hofu, ubwiriunga hukausha maua na msimu ukapotea. Lakini kosa la aina ya pili, la kutoyaona madhara yaliyopo, huangukia udongo pamoja na mihogo na kunde zinazopandwa kati ya mikorosho, na kuurekebisha kwa chokaa ni gharama ya miaka. Hasara ya kwanza huonekana mnadani mwaka huohuo. Ya pili haina mnada, basi hakuna anayeidai.

Fedha za sampuli zikikosekana, ningelegeza kiwango hadi asilimia 20, ambapo hata zile tano kwa tano zingeinasa tofauti hiyo zaidi ya nusu ya mara, mradi jibu la "yapo madhara" lilete upimaji wa pili na si kuacha kupuliza.

Kwa hiyo, ndugu, iulize maabara ni tofauti ya pH kiasi gani ambayo jaribio lao lingeweza kuiona, na sampuli zilichotwa wapi. Chini ya matawi ndiko salfa hudondoka zaidi. Sisi tulichota katikati ya mistari, kwa kuwa ndiko jembe lilikopita kwa urahisi.