Sikuwahi Kuona Mwanzo wa Filamu

Mwanangu,

Ujumbe wako uliingia nikiwa nimeshapanda kitandani. Niliusoma mara mbili, kisha nikawasha taa. Uliandika hivi: "Mama, wenzangu wa filamu wanasema soja wa skripti yangu, yule mlinzi wa usiku, lazima apatwe na jambo baya mwanzoni. Auawe mtoto wake, au abakwe. La sivyo hakuna atakayeamini mwanamke akipigana na wezi wanne. Wewe umeona filamu nyingi kuliko sisi sote. Ni kweli?"

Ningekupigia simu, lakini jambo hili limenikaa kooni tangu kabla hujazaliwa, na kwa simu ningelirukaruka tu. Acha niandike.

Si kweli. Ila wenzako hawakulitoa hewani. Wameliona kwenye filamu nyingi mno hata wakadhani ni sheria.

Unajua nilikata tiketi kwenye sinema ya katikati ya jiji miaka ile ya themanini. Jumba lenyewe siku hizi ni kanisa, kama majumba mengi ya sinema ya enzi hizo. Kazi yangu ilikuwa nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia pesa. Filamu ikianza, mimi bado niko dirishani nikiwauzia waliochelewa. Dirisha likifungwa, nahesabu pesa na meneja, ndipo napita mlango wa nyuma na kuketi kwenye ngazi, gizani. Kwa hiyo miaka yote ile sikuwahi kuona mwanzo wa filamu hata moja. Nilikuwa nikimkuta stelingi tayari kazini, tayari ana hasira, na maadui wameshajulikana.

Stelingi akiwa mwanamume, sikujiuliza chochote. Anapiga watu kwa sababu yeye ndiye stelingi, basi. Akiwa mwanamke, ambao hawakuwa wengi, nilimtungia sababu mwenyewe pale kwenye ngazi. Huyu ni polisi. Huyu alifundishwa na babu yake. Huyu amechoka kuonewa na bosi. Nilitoka pale saa sita usiku nikitafuta matatu, na niliwapenda wale wanawake kama watu ninaowafahamu.

Halafu baba yako akanunua deki ya video, tukaanza kukodi kanda, nami kwa mara ya kwanza nikaona mianzo. Mwanangu, nilivunjika moyo. Pam Grier, yule dada mweusi wa Marekani niliyempenda kwa namna alivyokuwa akitembea tu, katika Coffy ya 1973 anaanza vita kwa sababu mdogo wake ameharibiwa na dawa za kulevya. Mwaka uliofuata, katika Foxy Brown, ni kwa sababu mpenzi wake ameuawa. Nikaendelea kutazama, miaka ikapita, ikaja Kill Bill ya 2003: bibi harusi mjamzito amepigwa risasi kanisani. Kila nikirudisha kanda nyuma nakuta maiti mlangoni. James Bond je? Mara nyingi bosi wake humwita ofisini, humweleza kazi, naye hwenda. Hakuna anayedai aonyeshwe kaburi la mama yake kwanza.

Hilo ndilo linaloniuma. Mwanamume akipigana, hiyo ni kazi yake. Mwanamke akipigana, lazima awe amevunjwa kwanza, kana kwamba mwanamke mzima asiye na jeraha kawaida yake ni kukaa kimya.

Mmoja tu ndiye ambaye mwanzo wake haukuniangusha, nawe unamjua kwa sababu nilikusumbua naye tangu ukiwa Darasa la Sita. Ripley, aliyeigizwa na Sigourney Weaver katika Alien ya 1979. Skripti ya filamu ile iliandikwa bila kuamua ni mhusika yupi mwanamume na yupi mwanamke. Yeyote angeweza kupewa nafasi yoyote. Labda ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kumuulia mtu. Ripley ni mfanyakazi wa chombo cha angani cha mizigo, basi. Na tendo lake la kwanza la ujasiri halina ngumi ndani yake. Mwenzao amerudi kutoka nje na mdudu amemng'ang'ania usoni, kiongozi wao anaamuru mlango ufunguliwe, naye Ripley anakataa. Kanuni inasema mtu kama huyo atengwe saa 24. Analia? Hapana. Anatukana? Hapana. Anasema hafungui. Mlango unafunguliwa na mtu mwingine, na yanayofuata unayajua.

Nilipoiona sehemu hiyo kwenye kanda nilisimama sebuleni. Mimi nilikuwa mwanamke wa dirishani. Najua kusema hapana kupitia tundu la kioo kunavyokuwa.

Ile ya pili, Aliens ya 1986, niliikuta pale kwenye ngazi. Nilipoingia, Ripley alikuwa miongoni mwa askari wanaomwona kama mzigo, naye anaomba apewe kazi. Anapanda mashine ya kupakia mizigo, lile dude la chuma lenye mikono, anainua kasha na kuuliza aliweke wapi. Askari wanacheka kwa kustaajabu. Mwisho wa filamu, anapokwenda kupambana na yule mama wa mazimwi, silaha yake ni mashine hiyohiyo. Chombo cha kazi! Watu ukumbini walipiga makofi hadi nikaona vumbi kwenye mwanga wa projekta.

Sasa sikiliza jambo ambalo wenzako yawezekana hawalijui. Kulikuwa na kipande ambamo Ripley anaambiwa kwamba katika miaka 57 aliyolala angani, binti yake alizeeka akafa. Kipande hicho kilikatwa kabla filamu haijapelekwa kwenye sinema. Kilirudishwa baadaye, katika toleo refu. Kwa hiyo umati wote wa mwaka ule, wa Nairobi na wa kwingineko, ulimwamini Ripley kikamilifu bila maiti ya mtoto. Nimeliona lile toleo refu, na ni kipande kizuri, Weaver anakiigiza vizuri mno. Lakini hakikuhitajika ili tuamini. Waambie hivyo. Waambie mama yako alikuwepo na aliyasikia makofi.

Na hili la kuaminika tulimalize. Msiba haumfundishi mtu kurusha ngumi. Mwanamke aliyefiwa ana uchungu, lakini mkono wake ni uleule wa jana. Kinachomfanya mtazamaji aamini ni mwili uliojifunza kitu. Mwigizaji Michelle Yeoh alianza na dansi ya bale, akaumia mgongo, akaacha, na akaingia kwenye mapigano akiyachukua kama hatua za dansi. Katika filamu moja ya 1992 alirusha pikipiki mwenyewe ikatua juu ya treni inayokwenda. Alipopewa Oscar mwaka wa 2023 alikuwa na miaka 60. Mimi na yeye ni rika, na usiku ule nilikaa na kikombe cha chai kikapoa mkononi.

Usinielewe vibaya. Sisemi uchungu si sababu. Nimeuona uchungu ukiwasimamisha wanawake, tena si kwenye skrini.

Mwaka wa 1992, mwanzoni mwa Machi, nilikuwa na mimba yako, miezi saba. Pale pembeni mwa Uhuru Park, Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue, walikuwa wameketi akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Wengine walikuwa nyanya kabisa, wameleta blanketi na chupa za chai. Walisema hawaondoki hadi wana wao waachiliwe. Tarehe tatu polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo. Unajua katika mila zetu nyingi uchi wa mama aliyekuzaa ni laana gani. Askari wengine waligeuza nyuso.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara nimeshika tumbo. Sikuvuka. Najua ningeweza kukupoteza, na kila aliyesikia habari hii ameniambia nilifanya vyema, lakini miaka yote hii naikumbuka barabara ile kwa upana wake. Akina mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mapema 1993 wengi wa wafungwa wale wakaachiliwa.

Hao walikuwa na jeraha, nami siwezi kamwe kulidharau. Lakini tazama aliyeketi katikati yao. Wangari Maathai hakuwa na mtoto gerezani. Akina mama walimwomba msaada, akaja, akaketi nao chini, na siku ile akapigwa hadi akazirai akapelekwa hospitalini. Jeraha lake lilikuja baada ya kusimama.

Na miaka 70 kabla ya hapo, mwezi huohuo wa Machi, si mbali na hapo, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amepinga kazi ya kulazimishwa, pamoja na wanawake na wasichana kupelekwa kwenye mashamba ya kahawa ya walowezi. Viongozi wanaume walipotaka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao na kuwaaibisha, wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele. Risasi zilipofyatuliwa yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Thuku hakuwa mwanawe wala mumewe. Nani leo anauliza Nyanjiru aliumizwa na nini utotoni ndipo aamini kwamba alithubutu?

Kuna jambo sijakusimulia, na nikikuandikia usiku huu naona lilikuwa likisubiri swali lako.

Usiku mmoja, mwaka mmoja au miwili baada ya Aliens, alikuja dirishani mwanamume wa makamo amevaa suti, na ubavuni ana msichana. Msichana amevishwa koti la mwanamume hadi magotini, lakini chini ya koti naona soksi nyeupe na viatu vya shule. Filamu ilikuwa ya watu wazima. Akasukuma pesa, akasema viti viwili, vya nyuma. Nikasema mtoto haingii. Akasema ni mpwa wake. Nikasema mpwa wako haingii. Akagonga kioo kwa pete. Foleni ikaanza kunung'unika, meneja akatoka, akanong'ona nimuuzie tuendelee. Nikachukua kitabu cha tiketi, nikakitia kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo nikautia kifuani. Katika makelele yale msichana aliteleza kati ya watu, nikaona koti likianguka kwenye ngazi, nikaona soksi zikielekea upande wa kituo cha mabasi.

Nilikatwa mshahara wa siku tatu. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni maswali ya wenzangu kesho yake. Yule wa kufagia ukumbi, wa projekta, hata mama wa karanga nje, wote waliniuliza kwa upole mno: kwani wewe uliwahi kufanyiwa hivyo ulipokuwa mdogo? Au una ndugu yaliyempata?

Sikuwa nimefanyiwa. Sikuwa na binti bado. Sikuwa nimefiwa na mtu. Yule alikuwa mtoto, filamu ilikuwa ya watu wazima, na mwenye tiketi nilikuwa mimi.

Ndiyo maana tulipokwenda wote wawili kuona Black Panther mwaka wa 2018, ulinikuta nalia mahali ambapo hakuna aliyekufa. Ulidhani ni kwa ajili ya Lupita wetu. Lupita nilijivunia, lakini machozi yalikuwa ya Okoye, yule jemadari aliyeigizwa na Danai Gurira. Mpenzi wake amepanda kifaru anakuja mbio, naye Okoye anasimama mbele ya mnyama na mkuki wake, hasogei. Hakuna aliyemwonea utotoni, angalau filamu haikuhitaji kutuambia. Analinda kiti cha enzi kwa sababu ndiyo kazi aliyoiapa. Miaka minne baadaye The Woman King ikatuletea wanawake wapiganaji wa kweli wa Dahomey, ufalme wa kale wa Afrika Magharibi, na Viola Davis alinitetemesha, lakini hata kwake walitafuta ubakaji wa zamani na mtoto aliyetolewa kwa watu wengine. Nilitikisa kichwa gizani.

Turudi kwa soja wako. Uliponisomea kurasa zile za kwanza nilimpenda mara moja, kwa sababu nawaona wasichana hao kila siku milangoni mwa majengo ya mjini, sweta ya kampuni, rungu, filimbi, muda wa saa kumi na mbili mguu juu ya zege. Mwache awe mzima. Awe na mama anayempigia simu kuuliza kama amekula. Awe na mtoto, na mtoto awe amelala salama kwa jirani huko Kayole, na asubuhi amkute hivyohivyo.

Akipigana, apigane kama mtu anayelijua jengo lake. Anajua ni lifti ipi hukwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Anajua mlango wa ngazi haufunguki bila kuinuliwa kidogo. Anajua jenereta hukawia muda gani stima ikipotea, na muda huo wa giza ni wake. Wezi wanne hawajui lolote kati ya hayo. Aogope pia, mikono itetemeke anapoandika kwenye kitabu cha zamu. Na wenzako wakiuliza kwa nini hakukimbia, waonyeshe tu saa ya ukutani: saa tisa usiku, na zamu yake inaisha saa kumi na mbili asubuhi.

Jumapili njoo na skripti yote. Nitapika chapati za kutosha na baba yako ameahidi kuzima redio. Nitakaa kwenye kiti cha mbele, nawe unisomee kuanzia ukurasa wa kwanza.

Mama yako.