Mfalme Charles na Kanisa la Scotland

Je, Mfalme Charles wa Uingereza ndiye mkuu wa Kanisa la Scotland? Hapana. Cheo hicho anacho kwa Waanglikana wa England tu. Akisali Scotland, anakaa kama muumini mwingine yeyote, na sheria ya bunge ya 1921 ilikiri kwamba mambo ya kiroho huamuliwa na kanisa lenyewe. Moderata, yaani mwenyekiti wa Mkutano Mkuu (baraza la juu la kanisa hilo), huchaguliwa na mkutano huo na kutumikia mwaka mmoja. Sisi wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) tulirithi mfumo huohuo wa wazee na presbiteri (mabaraza ya wachungaji na wazee wa eneo) kutoka kwa wamishenari Waskoti, ndiyo maana hatuna maaskofu, na naupenda kwa hilo. Ila Mfalme huapa kulilinda Kanisa la Scotland, na hutuma mwakilishi wake kwenye Mkutano Mkuu, Edinburgh.