Aikoni iwekwe mara moja tu, kwenye dirisha kuu

Ndugu, acha kuunakili mstari huo wa iconbitmap, yaani amri ya kuweka aikoni kwenye dirisha. Umeuliza namna ya kuifanya aikoni moja ionekane katika kila dirisha la programu yako ya Tkinter (maktaba ya Python ya kuunda madirisha), lakini naona umekwisha kuubandika mstari huo katika madirisha matano na unaendelea.

Programu yetu ya stoo ilijengwa hivyo hivyo, kwa kuwa mkufunzi tuliyemlipa ada alisisitiza kwamba kila dirisha lipewe aikoni yake, faili la .ico, mara tu linapoundwa. Kwenye Windows hakuna kilichoharibika. Mteja alipohamia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, programu ilikataa kufunguka kabisa. Tukauondoa mstari kwenye dirisha kuu, ikafunguka, kisha karani akabonyeza kitufe cha risiti na mbele yake likatokea dirisha tupu la kijivu, bila maandishi wala kitufe, huku wateja wamepanga foleni. Huko Linux amri ile haisomi .ico, hutoa hitilafu ya TclError, na mistari yote inayoifuata katika fanksheni hiyo haitekelezwi. Kwa kuwa programu haikuzinduliwa kutoka kwenye terminali, ujumbe wa hitilafu hakuuona mtu yeyote, nasi tukawa tunaisaka kasoro kwenye hifadhidata. Mkufunzi yule bado ananikera: alichukua fedha za watu kufundisha jambo ambalo hakuwahi kulijaribu nje ya kompyuta yake.

Andika mara moja, kabla ya kufungua dirisha jingine lolote (root ni dirisha kuu, njia ni mahali faili la picha lilipo):

picha = PhotoImage(file=njia)
root.iconphoto(True, picha)

Hiyo True ndiyo inayofanya kila Toplevel, yaani dirisha la ziada, itakayoundwa baadaye irithi aikoni ileile. Ukiweka False, inabaki kwa dirisha hilo peke yake. Tumia PNG, ambayo Tk, mfumo ulio chini ya Tkinter, inaisoma yenyewe tangu toleo la 8.6 la mwaka 2012. Njia ya faili uijenge kutokana na __file__, ambayo huonyesha mahali faili la msimbo wako lilipo, kwa sababu jina tupu hutafutwa katika folda ambamo programu imezinduliwa, nayo hubadilika.

Kisha tafuta neno iconbitmap katika folda nzima ya mradi na uufute mstari wake kila unapolikuta, hata kwenye madirisha yanayofunguliwa mara moja kwa mwezi, maana hayo ndiyo husahaulika.