Uliza Waya Kwanza, Bei Baadaye: Maswali ya Wastaafu Kuhusu Intaneti ya Nyumbani

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Mombasa waliostaafu, baadhi wakiishi peke yao, baadhi kwenye mitaa yenye kamati na geti moja. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Mwalimu mstaafu, Tudor: Tuko wawili tu na mke wangu. Tunatazama habari na YouTube, na kuongea na wajukuu kwa video. Kijana wa mauzo anasisitiza tuchukue Mbps 80. Ni lazima?

Si lazima, Mwalimu. Mbps ni kipimo cha kasi ya intaneti. Tuhesabu. Simu ya video ya WhatsApp inatosheka na Mbps 1 hadi 2. Filamu ya HD (picha safi) kwenye televisheni inataka kama Mbps 5, na ya 4K (picha kali zaidi) kama 15. Mke akiwa kwenye simu na wajukuu, wewe ukitazama HD, na simu zenu mbili zikijisasisha kimyakimya, bado Mbps 15 zinawatosha. Pesa inayobaki inunulie kitu cha kushikilia ruta stima zikipotea, tutafika huko.

Kuna jambo ambalo kijana huyo hakukwambia: kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma kutoka kwako. Nambari iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo kwa kawaida ni ya kushusha, yaani ya kupokea. Kasi ya kupandisha ikiwa ndogo mno, nyinyi mtawaona wajukuu vizuri, lakini wao watawaona mmeganda kama picha ya kitambulisho. Uliza nambari zote mbili, na usikubali jibu la "iko sawa tu".

Mama wa fleti, Nyali: Jengo letu lina kampuni moja tu. Nitajuaje kama nyingine inaweza kutufikia?

Usiitegemee ramani ya kwenye tovuti. Inasema mtaa umefikiwa, haisemi chochote kuhusu geti lako. Hapa Mombasa Safaricom, Zuku na Faiba ya Jamii Telecommunications wote wana waya, ila barabara moja yaweza kuwa nao wote watatu na ya pili yake isiwe na hata mmoja. Toka nje, inua macho kwenye nguzo. Utaona visanduku vyeusi, vingi vikiwa na jina la kampuni. Kutoka kisanduku hicho ndipo waya mwembamba huvutwa hadi nyumbani.

Kisanduku kimoja mara nyingi kina matundu 8 au 16. Yakijaa, hakuna mteja mpya mpaka kisanduku kingine kiwekwe, na hapo ndipo "wiki ijayo" ya muuzaji inapogeuka miezi miwili. Kwa hivyo swali lako kwake liwe hili: kisanduku kilicho karibu nami kiko wapi, na kina tundu lililo wazi? Asiyejua amtume fundi akague kabla hujalipa hata shilingi.

Kisha mwone msimamizi wa jengo. Waya mpya unahitaji ruhusa ya kupita ukutani au kwenye bomba la ndani. Akisema jengo limefungwa kwa kampuni moja, omba akuonyeshe mkataba. Mara nyingine hakuna mkataba wowote, ni mazoea tu.

La mwisho, gonga milango ya majirani walio na kampuni unayoifikiria. Usiwaulize kama intaneti ni nzuri, maana kila mtu atasema si mbaya. Waulize maswali mawili: Inakuwaje kati ya saa mbili na saa nne usiku? Na ilipokatika mara ya mwisho, fundi alikuja baada ya siku ngapi? Hilo la pili ndilo linalopaswa kuamua. Kwa mtu anayeishi peke yake na ambaye watoto wake wanamjulia hali kwa video, siku nne bila laini ni nyingi, hata kama kasi ni ya ajabu.

Katibu wa kamati, Bamburi: Tuna nyumba 24, karibu wote wastaafu. Kampuni moja inatupa bei nafuu tukiingia sote kwa mkataba mmoja. Tukubali?

Mnaweza, lakini bei iwe jambo la mwisho kujadiliwa. Kwanza, jueni mnauziwa nini. Kuna mpango ambao kila nyumba inapata laini yake ya faiba (waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) na akaunti yake. Na kuna ule ambao laini moja kubwa inaingia getini kisha inagawanywa. Tunapendelea wa kwanza. Nyumba ya tatu ikiharibikiwa, nyumba nyingine 23 hazina habari, na anayehama anafunga akaunti yake bila kuitisha mkutano.

Wakiwaletea wa pili, hesabuni saa ya msongamano. Nusu ya nyumba zikitazama HD usiku, hizo ni 12 mara Mbps 5, yaani 60. Laini ya Mbps 100 iliyotengwa kwa ajili yenu peke yenu inatosha. Laini ya Mbps 100 ya kawaida ya nyumbani ni hesabu nyingine kabisa, kwa sababu hiyo tayari inagawanywa na wateja wengine huko nje. Neno "iliyotengwa" liwe limeandikwa. Pia chunguzeni mitambo ya kugawa itakaa wapi na inapata stima kutoka kwa nani. Ikiwa kwenye chumba cha walinzi kisicho na betri, stima zikipotea getini nyumba zote 24 zimezimika, hata yenye sola.

Kwenye mkataba pigania mambo haya: mabomba yanayochimbwa ndani ya mtaa yawe mali ya mtaa, ili kampuni nyingine ipite humo kesho, kusiwe na kifungu kinachozuia mkazi kuchukua kampuni nyingine, muda usizidi miezi 12, na saa za kurekebisha hitilafu ziandikwe kwa nambari, pamoja na punguzo la bili zikipitwa. Kampuni inayokataa hicho cha mwisho imeshawajibu.

Halafu msijaribu njia ya mkato ya jirani mmoja kulipia laini ya nyumbani na kuwauzia wengine. Kuuza huduma ya mawasiliano Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba ya nyumbani kwa kawaida inakataza.

Msomaji, Mji wa Kale: Ruta iko sebuleni, chumbani juu waifai haifiki. Kampuni inasema ninunue kifurushi kikubwa zaidi.

Wanakuuzia maji zaidi wakati bomba ndilo limeziba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono ulionyooshwa nusu, zinameza mawimbi. Mbps 15 au 500, ukuta haujali.

Ruta nyingi hutoa waifai za aina mbili. Ile ya GHz 5 ina kasi lakini hufa kwenye ukuta wa kwanza. Ya GHz 2.4 ni ya polepole kidogo ila hupenya zaidi. Chumbani jaribu ya 2.4. Ikishindikana, sogeza ruta: itoke nyuma ya televisheni na juu ya friji, iwekwe mahali pa wazi karibu na ngazi, kwa sababu mawimbi yatapanda kupitia uwazi wa ngazi kwa urahisi kuliko kupitia dari.

Dawa ya kudumu ni waya. Vuta kebo ya mtandao ya Cat6 kutoka ruta hadi ghorofa ya juu, yaweza kufika mita 100 bila shida, kisha ufunge kifaa cha pili cha waifai huko. Hakikisha kebo ni ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni rahisi kwa bei lakini huvunjika na kuoza upesi kwa hewa yetu ya chumvi. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaka waifai na kuirusha tena viepuke ukiweza. Vingi hukata kasi kama nusu, na vikiwekwa chumba ambacho waifai tayari ni hafifu, vinarusha huo uhafifu.

Bi. Mkubwa, Kizingo: Stima zikipotea intaneti nayo inakwenda. Nina mashine ya oksijeni yenye betri lakini simu ya daktari siipati.

Bibi, kwanza usitegemee laini moja kwa jambo la afya. Weka simu yenye bando la kampuni tofauti na ile ya faiba, ichajiwe daima. Hilo ni la leo, kabla ya kununua chochote.

Kisha nunua betri ndogo ya ruta, ile inayoitwa mini UPS. Soma kibandiko chini ya ruta: nyingi za faiba ni volti 12, ampea 1, yaani wati 12 kwa upeo, ingawa kwa kawaida hutumia kama 8. Betri iliyoandikwa mAh 8,800 (ujazo wa chaji) kwa volti 3.7 ina takriban Wh 32, yaani wati mara saa. Toa kinachopotea njiani, zibaki kama 27. Gawa kwa 8: saa tatu na dakika chache. Anayekuahidi saa nane kwa betri hiyo hajapiga hesabu.

Volti zilingane. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza. Kipini cha waya nacho kiingie sawasawa. Vipimo viwili vya kawaida, milimita 2.1 na 2.5 kwa tundu la ndani, vinafanana kwa macho lakini kimoja kitalegea na ruta itazimika kila ukipita karibu. Na betri isikae juu ya ruta wala dirishani penye jua. Joto la Mombasa linaiua mapema.

Faiba inayofika hadi ndani ya nyumba yako haihitaji stima njiani, kwa hivyo betri hiyo inatosha. Laini ya kebo ya koaksia, ile kama waya wa antena ya televisheni, ni tofauti: ina vikuza mawimbi barabarani vinavyotumia stima, vikizimika huko betri yako haisaidii.

Nahodha mstaafu, Likoni: Kebo za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu. Mbona bado mtandao unalegea?

Kweli zinatua: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy 2010, na nyingine baadaye. Lakini kebo kupita mbele ya nyumba si sawa na kuingia nyumbani, kama meli zinavyopita kivukoni bila kukushusha. Kulegea kwa jioni mara nyingi kunatoka kwenye kipande cha mwisho: kisanduku, waya na waifai yako. Mara chache kosa ni la baharini kweli, kama Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika na Kenya nzima ikalegea. Kampuni yenye nafasi kwenye kebo kadhaa huumia kidogo, na ni swali halali kumuuliza muuzaji, ingawa wengi watakodoa macho.

Msomaji, Mikindani: Taa nyekundu inamwekamweka kwenye ruta. Nibonyeze ile tundu ya nyuma?

Usiiguse. Hiyo inafuta mipangilio yote, na utamhitaji fundi kwa kosa ambalo hukuwa nalo.

Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje. Angalia waya mwembamba wa faiba nyuma ya ruta: plagi yake, mara nyingi ya kijani, iingie mpaka ilie "tak". Fuata waya hadi ukutani uone kama kochi limeubana au umekunjwa kona kali. Faiba haikunjwi kama kamba ya nguo, upinde wake usiwe mdogo kuliko kikombe cha kahawa. Ukiichomoa, usichungulie ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Zima ruta nusu dakika, iwashe. Ikiendelea, piga simu na useme "LOS nyekundu tangu saa fulani". Chukua nambari ya malalamiko. Bila nambari hiyo hujalalamika.

Fundi akija, mwombe apime mwanga na akuonyeshe kipimo. Kati ya -15 na -25 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ni kuzuri. Ikiwa -27 au chini zaidi, asiondoke, hata kama taa imerudi kijani. Masika ikianza utampigia tena.

Taa ya PON, inayoonyesha ruta imeunganishwa na kampuni, ikiwa kijani imetulia lakini intaneti haipo, angalia kwanza kama umelipa.

Msomaji, Shanzu: Waya haujafika kwetu. Dishi la setilaiti la Starlink au ruta ya laini ya simu?

Anza na ruta ya 4G au 5G, ukiazima ya mtu kwanza na kuijaribu nyumbani kwako saa tatu usiku, si saa nne asubuhi. Angalia kikomo cha matumizi: saa moja ya HD hula kama GB 2.25, kwa hivyo saa tatu kila siku ni kama GB 200 kwa mwezi.

Starlink, iliyo Kenya tangu Julai 2023, inafaa pasipo na kitu kingine. Inataka anga wazi, na mnazi mmoja unaoyumba na kusi unatosha kukata simu kila dakika chache. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 75, kwa hivyo ile betri ndogo ya ruta haiwezi kulibeba. Na mtu wa kupanda paa kulisafisha awe si wewe.

Mama mstaafu, Mtopanga: Mtu amepiga akisema ni wa kampuni ya intaneti, anataka nambari ya siri ya M-Pesa ili anirudishie pesa.

Mwizi huyo, mama. Kata simu. Kampuni haihitaji nambari yako ya siri kukurudishia kitu. Safaricom huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Kwa kampuni nyingine, kata kisha upige mwenyewe nambari iliyo kwenye mkataba wako, si ile aliyokutumia.